Mama Wino Anajibu: Kitabu cha kurasa 24 kwa laki nne

Ukurasa wangu wa pili umechukuliwa na tangazo la magodoro, kwa hiyo mwezi huu ni barua nne tu kuhusu kazi za sanaa. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kwa makusudi. Barua ya aina hiyo hunifikia kila mara, kinachobadilika ni mkoa.

Shikamoo Mama Wino. Mimi ni kijana wa Mbeya, nimejifunza kuchora mwenyewe na sasa natumia tableti. Mchapishaji mmoja wa Dar es Salaam ameona kazi zangu mtandaoni, anataka nimchoree kitabu cha hadithi cha watoto cha kurasa 24: picha 14 za rangi na jalada. Anatoa shilingi 400,000 kwa kazi yote, nusu nikimaliza na nusu kitabu kikitoka. Mkataba ni ukurasa mmoja, na umesema ninampa haki zote. Anasema kitabu kitanitangaza. Nyumbani wananiambia nichukue, mwanzo mgumu. Nifanyeje?
*Mchoraji wa Soweto, Mbeya*

Marahaba mwanangu. Kabla ya kukubali au kukataa, chukua kalamu tupige hesabu, maana katika barua yako yote hukutaja picha moja inakuchukua muda gani, na bei huanzia hapo.

Tuseme chumba, chakula, umeme, bando na kidogo cha kumtumia mama vinakula shilingi 900,000 kwa mwezi. Usiniambie wewe hutumii hizo kwa kuwa bado unakaa kwa wazazi. Tunampigia hesabu mtu mzima anayeishi kwa kazi hii. Katika mwezi hutachora siku 30. Zipo siku za kutafuta kazi, za kudai ulichokwisha kufanya, za kusoma hadithi mara tatu ili uielewe, na siku ambazo umeme haupo au kuna msiba. Mchoraji akipata siku 12 za kuchora ambazo mtu anazilipia, amejitahidi. 900,000 gawanya kwa 12 unapata 75,000. Hiyo ndiyo bei ya siku yako.

Picha ya ukurasa mzima yenye watu wawili watatu na mandhari nyuma yao, kuanzia penseli mpaka rangi, nakupa siku moja na nusu. Picha 14 ni siku 21. Jalada lipe siku tatu, kwa sababu utalichora mara nyingi kuliko unavyodhani. Jumla siku 24, mara 75,000: shilingi 1,800,000. Alichokuahidi yeye ni chini ya 17,000 kwa siku, na nusu ya hiyo inasubiri kitabu kitoke. Kitabu kinaweza kusubiri karatasi, kikasubiri mfadhili, kikasubiri mwandishi aliyegombana na mhariri. Malipo yako yasifungwe kwenye jambo ambalo wewe huna mamlaka nalo.

Hata hivyo, usimtumie namba hiyo peke yake ukanyamaza. Wachapishaji wa vitabu vya watoto hapa kwetu si matajiri. Tangu vitabu vya kiada viliporudi Taasisi ya Elimu Tanzania, wengi wao wanaishi kwa vitabu vya hadithi na miradi ya wafadhili, na huenda kweli laki nne ndiyo iliyobaki kwenye bajeti yake. Akikuambia hana, mwamini, halafu punguza kazi badala ya kupunguza bei. Picha mbili kubwa za rangi, na zilizobaki vichoro vidogo vya wino mweusi pembeni mwa maandishi. Kitabu kikipangwa vizuri kwa namna hiyo kinapendeza. Vitabu vingi tulivyosomea sisi vilikuwa vya wino mweusi mtupu.

Kitu kingine unachoweza kupunguza ni haki, na hapa naomba usome polepole.

Mchoro ni wako tangu unapouchora. Ndivyo inavyosema Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya mwaka 1999, na haki hiyo inakaa nawe maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa kwako. Huyu bwana anataka, kwa laki nne, kitu ambacho wajukuu zako wangekirithi. Sidhani kama ana nia mbaya. Mara nyingi mkataba wa ukurasa mmoja umenakiliwa kutoka kwa mwingine, na huyo naye aliunakili kwingine, na hakuna hata mmoja aliyekaa kujiuliza anahitaji nini hasa. Anachohitaji ni ruhusa: kuchapa kitabu hiki, kwa Kiswahili, kukiuza Tanzania, kwa miaka mitano, kwa idadi fulani ya nakala. Mpe hiyo. Akitaka tafsiri ya Kifaransa, kalenda, fulana, katuni ya televisheni au programu ya simu, anarudi mnakaa tena mezani.

Nitakuambia kwa nini nashikilia sentensi hiyo. Miaka ya tisini mwishoni nilichora kuku na vifaranga wake kwa ajili ya kitabu cha darasa la pili. Mkataba ulikuwa na mstari mmoja uliosema matumizi mengine yoyote yatajadiliwa upya. Miaka ikapita, nikaletewa ujumbe kwamba kuna watu wa mradi wa chanjo ya kideri wamemwona kuku yule kitabuni na wanamtaka kwenye mabango ya vijijini. Mchapishaji alifungua faili, akausoma ule mstari, akanipigia simu. Kuku yule alinilipa zaidi mara ya pili kuliko mara ya kwanza, nami sikugusa kalamu.

Mrabaha je? Unaweza kuuomba. Kwenye vitabu vya picha, mwandishi na mchoraji mara nyingi hugawana asilimia fulani ya mauzo. Mimi mwenyewe kwa vitabu vidogo napenda malipo ya mkupuo, kwa sababu kufuatilia nakala ngapi zimeuzwa duka gani ni kazi nyingine kamili. Wenzangu wengi hawakubaliani nami, na huenda kwa kitabu kinachouzika kila mwaka wao ndio wenye akili.

Malipo yagawanywe mara tatu: theluthi mkisaini, theluthi michoro yote ya penseli ikishakubaliwa, theluthi kabla hujakabidhi mafaili ya mwisho. Nimesema kabla. Mpaka hapo mwonyeshe nakala ndogo zenye jina lako limepita katikati ya picha. Marekebisho yawe mawili kwenye penseli bila malipo. Mhariri akigundua baada ya rangi kwamba anataka mbuni awe twiga, huyo twiga ni picha mpya na ana bei yake.

Uliza pia mambo ya kiwandani kabla hujaanza, utaheshimika. Ukubwa halisi wa kitabu baada ya kukatwa ni upi? Kurasa 24 hazikuchaguliwa kwa bahati: karatasi kubwa hukunjwa ikatoa kurasa 16, na nusu yake 8, kwa hiyo ukiongeza picha moja kwa hiari yako unaweza kuvuruga mpango mzima. Chora kwa nukta 300 kwa inchi, acha ziada ya milimita 3 kila upande kwa ajili ya kisu, na ugeuze faili kuwa la rangi nne za uchapaji mapema. Ile bluu inayong'aa kwenye tableti yako haipo kwenye wino, na ni afadhali uhuzunike nyumbani kuliko uhuzunike kitabu kikiwa kimeshatoka.

Mwandikie hivi, kwa maneno yako:

"Ndugu Mhariri, nashukuru kwa kuniamini na hadithi hii. Kwa picha 14 za rangi na jalada, kazi ni ya siku 24 na gharama yake ni shilingi 1,800,000, pamoja na marekebisho mawili kwenye hatua ya penseli. Gharama hiyo ni kwa toleo la Kiswahili, Tanzania, kwa miaka mitano. Endapo bajeti ni 400,000, naweza kuchora picha mbili za rangi, vichoro vitano vidogo vyeusi na jalada rahisi la rangi mbili. Naomba jina langu liwe kwenye jalada. Nitafurahi tukizungumza."

Usiombe radhi popote ndani yake. Akiwa kampuni, atakukata kodi ya zuio kabla ya kukulipa, kwa hiyo uwe na TIN, yaani namba yako ya mlipakodi, inatolewa bure, na umdai hati ya makato hayo uihifadhi. Na akikataa kabisa, mshukuru, mwachie mlango wazi, urudi kwenye potifolio yako.

Ambayo nimeitazama, kwa kuwa uliniwekea anwani. Nyuso kumi na mbili za wasanii wa Bongo Fleva zilizonakiliwa kutoka kwenye picha. Mkono wako ni mzuri, lakini mhariri wa vitabu vya watoto hawezi kujua kutokana na hizo kama unaweza kumchora mtoto yule yule kurasa kumi mfululizo akiwa na sura ile ile na shati lenye kifungo kimoja kilichokatika. Hilo ndilo analolinunua. Mchore dada anayeshuka daladala na ndoo ya dagaa. Chora watoto wawili wanaogombania mpira wa kuchezea rede. Chora Soko la Mwanjelwa siku ya mvua. Chora mikono, mikono mingi. Mimi nilipoanza kuhudhuria mafunzo ya Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanzishwa mwaka 1991, kitu cha kwanza mhariri alichotazama kwenye karatasi za kila mmoja wetu ni vidole.

Assalam aleikum Mama Wino. Naishi Kisauni, Mombasa, na kazi yangu ni kutia sauti matangazo ya redio na ya maduka. Kampuni kutoka ng'ambo imeniomba nisome sentensi 3,000 za Kiswahili kwa ajili ya kompyuta, malipo shilingi 60,000 za Kenya. Mkataba unasema watatumia rekodi hizo kwa jambo lolote, popote, milele. Kwa tangazo moja sijawahi kulipwa hivyo. Wewe ni mchoraji najua, lakini nakuamini.
*Bi Sauti*

Waaleikum salaam, bibie. Sauti na kuku wangu ni jambo moja: kuna mtu anataka kukitumia, na swali ni wapi, kwa muda gani, kwa ajili ya nini.

Waulize kwanza swali moja kwa maandishi: mashine itajifunza *kusikia* kutokana na sauti yangu, au itajifunza *kusema* kwa sauti yangu? Watu wengi wanasaini bila kujua tofauti hiyo. Kama ni kusikia, sauti yako itachanganywa na za maelfu wengine ili mashine imwelewe mtu wa Kisauni akizungumza, na hapo hakuna atakayekusikia wewe. Kazi ya namna hiyo wapo hata wanaoifanya kwa kujitolea. Mradi wa Common Voice wa Mozilla unapokea sentensi za Kiswahili kutoka kwa yeyote, na rekodi zinawekwa wazi kwa kila mtu. Ukilipwa 60,000 kwa hilo, pokea, ukishahakikisha tu kwamba mkataba wenyewe umetaja kusikia na si jambo lolote.

Kama ni kusema, mambo yamebadilika. Wewe unajua vizuri kuliko mimi jinsi tangazo linavyolipwa: miezi mitatu, redio fulani, nchi fulani, na wakitaka kuendelea wanalipa tena. Mashine yenye sauti yako haitawarudisha kwako. Mwenye duka anayekupigia simu leo kesho ataandika maneno yake kwenye kompyuta na wewe utajisikia ukitangaza viatu usivyoviona. Na si viatu tu. Utajisikia ukinadi mikopo ya simu. Mwaka wa uchaguzi utajisikia ukimwombea mtu kura.

Sisemi ukatae. Nasema 60,000 ni bei ya kusoma, na sauti yenyewe bado hawajainunua. Rudisha mkataba ukiwa na muda wenye mwisho, tuseme miaka miwili. Malipo ya kila mwaka. Orodha ya yasiyoruhusiwa, nami ningeanza na siasa, dini na mikopo. Na kifungu cha kuwazuia kuikabidhi sauti kwa kampuni nyingine bila wewe kujua. Kenya mna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na utambuzi wa sauti umetajwa ndani yake kwenye taarifa za kibayometriki, pamoja na alama za vidole. Ipo ofisi ya Kamishna wa Data ya kuulizia. Wakikujibu kwamba mkataba hauguswi hata nukta, basi unajua unauza nini, na mimi kwa bei hiyo nisingeuza.

Dada, habari za kazi. Mwanangu amemaliza kidato cha sita na anataka kwenda Bagamoyo kusomea sanaa. Anapenda muziki tangu mdogo. Baba yake ameshamtafutia nafasi ya uhasibu na hataki kusikia neno ngoma. Mimi nimekaa katikati. Hebu nisaidie.
*Mama wa Kihonda, Morogoro*

Nzuri, dada yangu, na pole kwa kukaa katikati.

TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, si kambi ya wacheza ngoma. Ilianza mwaka 1981 ikiitwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ikawa taasisi ya serikali kwa jina hili mwaka 2007, na inatoa astashahada na stashahada zinazotambulika. Akitaka shahada, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina idara ya sanaa bunifu. Akiwa mtu wa taarabu na ala zake kama udi na kanuni, kuna Dhow Countries Music Academy pale Unguja.

Lakini baba yake hapiganii cheti. Anauliza kijana atakula nini, na ni swali halali, msilichukie. Mpelekeeni jibu. Mwambie mwanao aache kwanza kujiona jukwaani na atazame waliosimama nyuma na pembeni yake. Kwenye tamasha la muziki la Sauti za Busara, ambalo hufanyika Zanzibar tangu mwaka 2004, mwanamuziki hupanda pale Ngome Kongwe akapiga muda mfupi akashuka. Fundi wa sauti alikuwepo kabla ya bendi ya kwanza na atakuwepo mpaka ya mwisho. Fundi huyo huyo anahitajika msikitini, kanisani, kwenye harusi, mkutano wa kampuni, redio na studio ya filamu. Taa vilevile. Kusimamia jukwaa vilevile. Mwanamuziki anayejua pia kuunganisha mitambo hakai bila kazi miezi sita.

Sasa hivi yuko nyumbani anasubiri. Apate kampuni yoyote ya muziki wa harusi hapo Morogoro, abebe nyaya na spika wikiendi mbili tatu, alale saa kumi alfajiri, aamke mgongo unauma. Akirudi bado anataka, nendeni kwa baba yake wote wawili, na yeye ndiye azungumze. Uhasibu nao usiutupe: wasanii wanaojua kuandika hesabu zao nawahesabu kwa vidole. Kama baba atakubali Bagamoyo kwa sharti la kozi fupi ya uhasibu wakati wa likizo, mimi ningempa mkono papo hapo.

Mama Wino, hujambo. Mimi ni mwalimu wa darasa la pili, Kasulu, umri miaka 41. Nachora zana zangu zote za kufundishia kwenye viroba na manila, na wenzangu huniazima. Ile ya samaki migebuka waliopanga foleni ya mizani, wanafunzi huicheka hadi somo linasimama. Nataka niache ualimu niwe mchoraji wa vitabu. Je, nimechelewa? Na lazima nisajiliwe BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa) na COSOTA (ofisi ya hakimiliki) kwanza?
*Mwalimu wa Viroba*

Sijambo, mwalimu. Edward Said Tingatinga, aliyezaliwa mwaka 1932, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi ya baiskeli kwenye vipande vya hadibodi, na alifariki mwaka 1972. Miaka minne, na mpaka leo kuna watu wanakula kwa jina lake. Umri wako hauna neno.

Mshahara usiuache. Chora likizo za Juni na Desemba, jioni ukishasahihisha. Unachokijua wewe, kwamba mtoto wa darasa la pili hutazama picha kabla ya neno na hukwama picha ikipingana nalo, wachoraji wengi wa mjini hawakijui, na mhariri atakulipa kwa hicho. Ukitoka darasani utaanza kukisahau.

Kuhusu usajili: hakimiliki haisubiri usajili, unayo tayari. COSOTA inakusaidia kuwa na ushahidi siku mtu akikunakili, kwa hiyo sajili kazi zinazoanza kuzunguka, hizo wanazokuazima. BASATA nenda utakapoanza kuifanya kama shughuli ya kukuingizia kipato. Lakini usikubali makaratasi yawe sababu ya kutotuma kazi mwezi huu.

Piga picha viroba vyako mchana, nje, kivulini, bila flashi. Chagua vinane. Andika chini ya kila kimoja kilifundisha nini na watoto walifanya nini walipokiona, kisha tuma kwa wachapishaji watatu kwa jina la mhariri, usitume kwa "yeyote anayehusika". Na ile ya migebuka waliopanga foleni ya mizani, ambayo umesema wanafunzi huicheka hadi somo linasimama, hiyo iwe ya kwanza.